Kuku Mmoja, Matumbo Mawili

Kijiwe kilikuwa mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, na asubuhi ile maneno yalizidi kahawa. Fundi na pacha wake walikula kuku mmoja, sahani moja. Bakteria wa nyama ile wakamlaza pacha hoi, nusura awatoke. Fundi hakupata hata kiungulia. Watafiti wa hospitali wakataka kujua kwa nini, wakampa Fundi kikopo cheupe chenye kifuniko awaletee choo chake kipimwe. Loo, aibu! Akakiacha mezani kando ya gundi. Birika, muuza kahawa, ambaye kopo lake la sukari lilikuwa limevamiwa na siafu, akakiona kikopo kitupu, safi, akatia sukari. Fundi alimwona. Akanyamaza, tena moyo ukatulia: kisingizio kimejileta chenyewe.

– Kilichomkinga Fundi ni damu, alianza Dereva.

– Damu gani? alisema Birika. Pacha hawa, damu ile ile!

– Basi ni kipande. Fundi alikula paja. Bakteria wanapenda kidari.

– Mimi ndiye niliyekula kidari, alisema Fundi.

– Umeona? Wa kidari ni wapole!

Profesa, msoma mita mstaafu aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani tu, akakohoa.

– Tumboni mna bakteria wenyeji. Kwa Fundi, mgeni amekuta wenyeji wakali, wakamtimua. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Acha wahenga wapumzike, alisema Dereva. Siri ni gundi. Miaka yote anaivuta puani. Bakteria wakishuka tumboni, wananata. Haraka haraka haina baraka!

Benchi zima likacheka, Fundi naye. Raha ilikuwepo: ndugu yake mzima, kahawa ya moto. Alikuwa akikoroga kikombe chake pacha alipotokea, ametoka hospitali, suruali ameishikilia kwa mkono isidondoke.

– Pole, kaka!

– Nimeshapoa, jamani. Ila naogopa kula. Hata uji nautazama mara mbili. Wanasema wakijua kilichomkinga huyu, huenda siku moja wakajua namna ya kutukinga sisi wengine.

Akamgeukia Fundi.

– Umewapelekea kikopo?

Fundi akatazama viatu. Macho ya pacha yakatua mezani.

– Mbona kina sukari?

Kijiko cha Birika kikabaki hewani. Profesa, mtu wa vijiko vitatu, akatua kikombe chake polepole.

– Fundi, aliuliza Dereva. Kilikuwa kimeshatumika?

Fundi aliwaacha wateseke kidogo.

– Hakijatumika. Niliona haya.

– Haya ya nini? alisema pacha. Mimi wauguzi wamenisafisha kama mtoto mchanga. Haya iliniisha siku ya kwanza. Mwenzako nataka kula bila woga.

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Akavua aproni, akaitundika msumarini.

– Nakwenda kuomba kingine. Leo hii hii wanapata wanachotaka.

– Kunywa kwanza, alisema Birika akimjazia kikombe. Kahawa inasukuma.

Pacha akacheka mpaka akashika mbavu, kicheko chake cha kwanza tangu augue. Fundi akainywa yote akiwa amesimama, bila sukari.