Bi. Polyxeni Frangou na Malaika wa Platanoudi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupanda majukwaa, Bi. Polyxeni Frangou, fundi mkuu wa kuhifadhi michoro ya kale ya ukutani katika karakana yetu ya Nikosia, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Magoti yake yalitaka kustaafu kitambo. Yeye ndiye aliyekataa kuyasikiliza.

Alijiunga nasi akiwa binti aliyetoka tu kuisomea kazi hii Thesaloniki, akatumwa moja kwa moja milimani, Platanoudi, kwenye kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli. Ukiliona kwa nje utadhani ni ghala la zabibu: kuta za mawe, paa la vigae lililoshuka hadi karibu na ardhi. Ndani hakuna shibiri isiyochorwa, na wakati ule hakukuwa na shibiri isiyokuwa nyeusi kwa masizi ya mishumaa ya karne nyingi.

Masizi hayo huondolewa taratibu kwa pamba, na penye rangi nyororo, kama usoni, hakuna dawa inayoshinda mate ya fundi mwenyewe. Bibi Despinou, mtunza funguo za kanisa, aliingia siku moja akamkuta Polyxeni analowesha pamba ulimini.

"Binti, unamtemea Malaika mate?"

"Bibi, wanao walipochafuka nyuso njiani kuja kanisani, uliwafuta kwa kitu gani?"

Bibi Despinou alifikiri kidogo. "Kwa mate. Lakini wale walikuwa wangu."

"Na huyu ni wa nani?"

Kesho yake bibi alimletea bakuli la kokwa changa za jozi zilizopikwa kwa sukari, na tangu hapo Polyxeni hakulipa mlo wowote Platanoudi.

Alifanya kazi katika vijiji vya milimani vya Marathasa, Solea na Pitsilia, na wengi wetu tulioko karakanani leo tulishika pamba kwa mara ya kwanza tukiwa chini ya macho yake. Hakuna aliyemwona akikasirika, ila alipoombwa kuchora upya kilichopotea. Mzee mmoja alimsihi amchoree mtakatifu wa kijiji chake jicho lililobanduka. "Nikimpa jicho langu," alimjibu, "atakuwa anawatazama kama mimi, na mimi nina usingizi." Mtakatifu huyo ana jicho moja hadi leo, na wanakijiji wanasema linawatosha.

Lakini ukimtaja Bi. Polyxeni huko milimani, watu watakusimulia habari ya mito ya kulalia.

Ilikuwa Februari, baada ya mvua zilizong'oa vigae na kuporomosha udongo juu ya barabara. Polyxeni alikuwa amepanda Platanoudi kukagua paa, akakwama huko. Asubuhi Padri Sozomenos alikuja kumwita bila hata kuvaa kofia. Maji yalikuwa yamepita nyuma ya ukuta wa kaskazini, na lipu yenye mchoro wa Malaika Mkuu ilikuwa imetuna kama gunia. Vipande vidogo vya vazi lake vilikuwa vimeshaanguka sakafuni.

Alimpigia simu mkuu wetu wa wakati ule. Akaambiwa asiguse kitu, asubiri barabara ifunguliwe. Alirudi ukutani, akaweka kiganja, akahisi Malaika anateleza. Alitusimulia baadaye kwamba hajawahi kuogopa hivyo maishani. Akimwacha, ataanguka. Akimsukuma vibaya, atavunjika mikononi mwake.

Akapiga kwa bomba la sindano chokaa laini nyuma ya lipu, kupitia nyufa zilizokuwepo. Sasa ilibidi ukuta ushikiliwe, kila mahali kwa nguvu ileile, hadi chokaa ishike. Magogo ya kuegemeza hayakufaa, kwani sakafu ilikuwa imegeuka tope. Padri akagonga kengele, na Polyxeni akaomba kila mtu alete mto laini wa kuukandamizia ukuta.

Watu wakaja na mito ya vitandani mwao. "Huu ni wa harusi yangu," alisema Bibi Despinou akiukabidhi. "Umebeba kichwa cha mume wangu miaka arobaini. Malaika hawezi kukoroma zaidi yake."

Polyxeni aliwapanga bega kwa bega, warefu juu ya mabenchi, wafupi chini. Begani kwa Hambis, mwenye duka la kahawa, aliangukia Tofis, baba wa ubatizo wa mwanawe. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kwa sababu ya zamu za maji ya chemchemi.

"Usinisukume," alisema Hambis.

"Sikusukumi wewe. Namsukuma Malaika."

"Basi msukume kwa upole, si kama ulivyousukuma mlango wangu."

Mikono ilichoka, na hakuna aliyethubutu kuitoa. Baada ya muda mrefu Tofis akauliza, bila kugeuza shingo, "Mguu bado unakusumbua?"

"Unanisumbua."

"Niegemee."

Hambis akamwegemea.

Jioni Polyxeni alianza kuondoa mito mmoja mmoja, akigonga lipu kwa ncha ya kidole na kusikiliza. Mto wa mwisho ulipotoka, Malaika alibaki mahali pake. Padri alianza kuimba, wengine wakaupokea wimbo. Polyxeni aliketi topeni akacheka, na machozi yanamtoka.

Barabara ilipofunguliwa, mkuu wetu aliwakuta wote wako duka la kahawa, jibini ya halumi iko motoni, Hambis na Tofis wanagombania nani ammiminie fundi kinywaji. Alikwenda kwanza kuugonga ukuta. Kisha akarudi. Aliomba kiti na sahani.

Bi. Polyxeni, katika miaka yote hii hujawahi kusali katika makanisa haya bila kukagua dari. Umetuambia kuwa Novemba 8, sikukuu ya Malaika Wakuu, utapanda Platanoudi kama mgeni, ukae kwenye kiti na usimwangalie ila padri. Hatukuamini, lakini tunakuombea uweze. Asante kwa kutufundisha kugusa vitu vya kale kwa upole. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, mama yetu. Na ukiona ufa, usitupigie simu hadi Jumatatu.

Menelaos Zinonos, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana