Kishikwambi Kilichofutwa Kaole: Risala ya Wakulima wa Mwani kwa Mratibu wa Mradi

Mgeni rasmi, Bwana Mratibu wa Mradi. Mheshimiwa Diwani wetu. Ndugu wageni, asalaam alaykum. Wadogo zako tunakuamkia shikamoo. Waliokuzidi umri wanaisubiri yako.

KARIBU KAOLE

Pilau ipo jikoni, na utakula hata kama maneno yetu hayatakupendeza. Tumeona dereva wako hajazima gari tangu mfike. Mwambie azime. Risala ni fupi, ila sio fupi kiasi hicho.

TULIKOTOKEA

Sisi ni akina mama na vijana tunaolima mwani. Mradi wako ulitupa kishikwambi kimoja, tupige picha kila shamba na kuweka alama ya mahali lilipo. Mwenyekiti wetu, Bi Mwaija, ndiye aliyezunguka nacho maji yakipwa, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kinaning'inia kifuani kama mtoto.

TULICHOFAIDI

Mashamba yote yakaingia humo, kigingi kwa kigingi, na jina la mwenye shamba. Alipotokea mtu wa hoteli anayetaka kujenga gati, akasema pale ni maji matupu hapana mtu, tulimfungulia kishikwambi. Akageuza njia akaenda zake. Sasa kuna kikao cha mipaka kinakuja, na ushahidi wetu wote umo humo.

TATIZO LENYEWE

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wenu, Bwana Alawi. Hatukumwita. Akamwambia Bi Mwaija, "Mama, hiki kimekuwa kizito. Naomba nikifute kidogo, nikiwekee programu mpya."

Bi Mwaija akamjibu, "Kifute tu mwanangu, kimejaa chumvi hicho." Akampa na kitambaa.

Bwana Alawi akapokea kitambaa, akasema ahsante, akapangusa kioo. Mgeni rasmi, hapo ndipo tunapojiuliza. Mtu aliyekusudia kufuta vilivyomo ndani, akapewa kitambaa, kwa nini asiseme, "Mama, sio kufuta huko"?

Akaunganisha waya kwenye kompyuta yake. Katikati ya kazi simu yake ikaita, akainuka, waya ukachomoka. Tangu hapo kishikwambi kinawaka, kinaonyesha nembo, kinazima, kinawaka tena. Kama mtu anayepiga hodi halafu anaondoka.

Hatumshuku mtu. Tunasema tu kwamba mwenzetu Zuleha alikuwa karibu, akamsikia akimwambia huyo aliyempigia, "Bado kidogo, nusu imeshatoka." Zuleha alidhani anaongea na mganga wa meno.

Tukakipeleka mjini kwa Mikdad, fundi simu. Alikichunguza, akasema, "Hakijafa hiki. Programu mpya haikuingia yote, ya zamani imebaki vipande. Picha zenu bado zimo. Nikikirudishia programu yake ya mwanzo peke yake, mtazikuta. Nikikisafisha chote kitawaka leo leo, ila kitakuwa kitupu."

Hiyo programu ya mwanzo, na namba ya siri ya kuruhusu iingie, zipo ofisini kwenu. Tulipopiga simu huko kuziomba tukajibiwa, "Kileteni Dar, tutakisafisha." Safari hii neno lingine, lakini tumeshajifunza kuuliza. Tukauliza kusafisha kupi. Simu ikakatika. Mtandao, labda.

TUNACHOOMBA

Tunaomba hiyo programu na hiyo namba apewe Mikdad. Afanye kazi hapa Kaole, mezani, mchana, sote tukiangalia na wewe ukiwepo. Iwe kabla ya kikao cha mipaka. Baada ya hapo picha hata zikirudi zitakuwa za kumbukumbu ya mashamba tuliyokuwa nayo.

Pia tumeliona boksi mlilokuja nalo. Tumeambiwa ndani kuna kishikwambi kipya, tutapewa tukikabidhi cha zamani. Kipya tutakipokea kwa mikono miwili kama hakina masharti. Kama kina masharti, boksi lirudi na gari.

Cha zamani hatujaja nacho. Kile kiti kitupu ni cha Bi Mwaija. Anaomba radhi, na anakusalimu sana. Yupo nacho mahali, na sisi tunaokusomea hapa hatujaambiwa ni wapi. Tuliona ni vizuri tusijue, usije ukatuuliza tukashindwa kukudanganya.

Mungu akurudishe nyumbani salama, akuongezee afya, na akukumbushe hiyo namba ya siri.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Mwani Hatubanduki,
Kaole, Bagamoyo.