Jezi ya Garimoshi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Niruhusuni niseme nimekaa, maana goti hili limemalizwa na mpira. Nimechoka, sifichi.

Naitwa Elisha, ingawa wengi wenu mmelisikia jina hilo leo tu. Marehemu baba Tabora nzima ilimwita Garimoshi, kwa jinsi alivyopita katikati ya mabeki. Mimi nikifunga, "Damu ya Garimoshi hiyo!" Nikikosa, "Huyu kweli mtoto wa Garimoshi?" Goti likaharibika, nikawa kocha, nikadhani sasa nitapumzika. Wapi!

Msimu uliopita timu ilikuwa inashuka daraja. Wakanijia watu wa kamati ya ufundi. Mnaijua kamati ile, ufundi wake ni waganga tu! Wakasema geti la uwanja limetegwa, kwa hiyo mechi ya mwisho tutaingia kwa kuruka ukuta. Na jezi ya baba izikwe golini. Nikikataa, kazi sina.

Ndugu zangu, niliogopa! Nina watoto. Nikaenda mtaa wa Ng'ambo, kwa mama.

"Shikamoo mama. Naomba ile jezi ya mzee."

"Marahaba. Si hiyo hapo, naepulia sufuria."

Kweli, ilikuwa jikoni, nyeusi kwa masizi, imeungua upande. Nikamweleza yote. Mama akaguna.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anakimbia kandokando ya reli mpaka anatapika. Jezi ilikuwa inalowa jasho tu."

Akanishika kichwa, mkono unanuka vitunguu, akaniombea palepale. Nililia kama mtoto. Hofu ikanitoka, haleluya! Jezi nikaiacha palepale jikoni.

Siku ya mechi nikatangulia getini, nachechemea. Wachezaji walisita pale ukutani, kisha wakanifuata. Tukacheza kwa moyo. Tukafungwa. Timu ikashuka daraja, na kazi wakaninyang'anya kabla sijavua viatu.

Natoka nje, shabiki mmoja akanizomea kwa nguvu zake zote: "Elisha! Umetuua, Elisha!"

Ndugu zangu, nilisimama pale barabarani nikamshukuru Mungu. Kwa mara ya kwanza nilitukanwa kwa jina langu mwenyewe!

Kazi bado natafuta. Lakini usingizi ninao. Wewe uliyechoka kubeba sifa za mtu mwingine, mtegemee Yesu, yeye anakujua wewe ni nani. Sasa nipeni mkono niinuke, tumshukuru pamoja.