Harufu ya Ulanzi Iliyonitangulia

Kamwene, ndugu zangu wa Kitandililo! Jina la Bwana lipewe sifa!

Mimi ni Yudita, mke wa Petro, mzaliwa wa Kichiwa. Miaka saba niliishi na kifafa. Kila kilipokaribia nilisikia harufu ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Nikiuliza, "Nani kamwaga ulanzi humu ndani?" watu walisema nimelewa. Kisha naanguka, natokwa na povu, na hakuna wa kunigusa, wanaogopa kuambukizwa.

Siku moja nikisonga ugali niliangukia motoni. Mkono wenyewe ni huu mnaouona! Mama mkwe akambeba binti yangu Eliza, hajaanza hata kutembea, akaenda naye kwake Iwawa. "Mwanangu, utamuua mtoto huyu," aliniambia. Ndugu zangu, nililia!

Daktari wa misheni akaniandikia barua niende Nairobi. Petro na mimi tukapanda lori pale Makambako. Hospitalini walinibandika nyaya kichwani, zikaungwa kwenye mashine yenye kalamu zinazochora mawimbi ya ubongo juu ya karatasi. Siku ya tatu, nimelala tu pale, kalamu zikaanza kurukaruka. Daktari aliyekuwa akiitazama karatasi akauliza haraka, "Mama, unasikia nini?"

"Ulanzi, bwana daktari. Nasikia ulanzi."

Sikumbuki kilichofuata. Nilipozinduka, Petro alikuwa amenishika mkono. Daktari akanionyesha karatasi. "Kilianzia hapa, kabla hujatikisa hata kidole. Harufu ile si pombe wala si pepo. Ni ubongo wako unakuonya. Ukiisikia, ondoka motoni, kaa chini, ita mtu."

Haleluya! Miaka yote hiyo nilikuwa naonywa, nami sikujua!

Alinipa vidonge, navimeza kila siku. Sijapona kabisa, sitawadanganya. Tangu mavuno kimenijia mara mbili. Mara zote harufu ilitangulia, nikawahi kulala mkekani. Ile ya pili mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea na Eliza. Alinigeuza ubavu, akanifuta povu kwa kanga yake mwenyewe. Kesho yake alifunga mizigo akasema, "Mwanangu, huyu namwacha kwa mama yake."

Ahsante, Bwana wangu!

Ndugu zangu, najua wapo kati yenu waliomficha mgonjwa chumba cha nyuma. Mtumainini Mungu, mtoeni. Niiteni tu, nitatembea naye mimi mwenyewe hadi misheni.