Cosmas Mwakio, Aliyezililia Tramu

Marehemu Cosmas Mwakio alizaliwa tarehe 4 Machi 1943 huko Voi, Kenya, baba yake akiwa kibarua wa kukaza misumari ya reli. Inasemekana mtoto alilia mara moja tu, na honi ya treni ikamwitikia. Mkewe Priscilla hakuwepo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alisoma hukohuko Voi hadi darasa la nane. Priscilla hakuvuka kizingiti cha shule. Haya anayasema yeye, mjukuu wao Marion anaandika.

Alifika London Septemba 1969, akawa kondakta wa basi, kisha dereva, katika gereji ya Edmonton iliyokuwa zamani banda la tramu, yale mabehewa ya umeme ya reli za barabarani, yaliyokwisha kuondolewa. Reli zilikuwa bado zinaonekana sakafuni, na kila akizikanyaga moyo ulimwuma.

Alimwoa Priscilla tarehe 12 Agosti 1972. Siku moja, marehemu alipouliza tena tramu zilikwenda wapi, Priscilla akamwambia amesikia kwa bibi mmoja mpishi: matajiri wa matairi na mafuta walikula bata mzinga aliowapikia, wakakubaliana kuziua zote. Mpishi huyo hakuwahi kuwepo. Marehemu hakula siku hiyo. Akaamini miaka hamsini, na kila abiria aliyekaa karibu naye aliambiwa.

Rafiki yake Darshan, fundi wa gereji, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliwauliza waliowahi kuendesha tramu, akamletea jibu. "Reli zilichakaa, kaka, na watu wakapenda mabasi. Zilizeeka tu." Mwaka 2009, kwenye sherehe ya Darshan ya kustaafu, marehemu alisimama na sahani ya pilau mkononi akamwita kibaraka wa matairi.

"Basi kaa na mpishi wako," Darshan akasema.

Miaka kumi na tano hawakusemezana. Neno moja la Priscilla lingemaliza ugomvi. Aliona aibu, akanyamaza.

Kiharusi cha tatu kilimwondolea marehemu sauti Desemba 2024. Ndipo Priscilla akampigia Darshan simu, akamweleza yote kuhusu mpishi. Darshan akasema: "Shemeji, umetumaliza."

Alikuja hospitalini tarehe 8 Januari kutoka Southall, na jalebi ambazo mgonjwa hangeweza kumeza. Priscilla alikuwa tayari kukiri palepale kitandani. Darshan akamzuia kwa mkono, akainama sikioni.

"Mwakio, ulisema kweli. Waliziua. Nimempata mtoto wa yule mpishi."

Marehemu alimshika kidole, hakukiachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Priscilla, mwanawe, Eddie, mjukuu, Marion, na Darshan, ambaye leo anabeba jeneza, mbele kushoto.

Huko uendako usimtafute mpishi, Mwakio, hutamkuta. Tramu zilizeeka tu. Nisamehe, mume wangu, upumzike kwa amani.