Mama Kifutio na Bibi Aliyebaki Mlangoni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhariri vitabu katika shirika letu la uchapishaji, Mama Kifutio anastaafu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye mkataba wa kazi, lakini humu ndani halijatumika tangu wiki yake ya pili, alipofuta mawingu yote ya mchoraji mmoja mashuhuri kwa sababu hadithi ya hesabu ilikuwa ya kiangazi. Mchoraji alinuna mwezi mzima. Kisha akaomba asihaririwe na mtu mwingine.

Aliajiriwa kusahihisha vitabu vya hesabu. Vitabu vya picha alivianzisha mwenyewe, katika chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, wakati familia za wakimbizi zilipoanza kupanga nyumba katika mtaa wa nyuma ya ofisi. Watoto wao walikuwa wakituchungulia dirishani. Wengine tungefunga pazia; yeye alitandika mkeka akawaita ndani. Tangu hapo hakuna kitabu chetu cha picha kilichokwenda kiwandani kuchapwa bila kupita mkekani. Anaziba maneno kwa karatasi, anafungua picha moja moja, kisha ananyamaza. Sisi tuliokaa naye vikaoni tunajua kunyamaza kunavyomgharimu. Watoto ndio wanaosimulia, na wakisimulia tofauti na tulivyokusudia, kinachorekebishwa ni kitabu.

Mkeka ule umetutia adabu. Tuliwahi kupeleka kitabu ambacho mtoto mkimbizi analia kuanzia jalada hadi mwisho, na mtoto mmoja wa mkekani akauliza kama anaumwa jino. Tulicheka mpaka machozi, ila kitabu kilirudi mezani, na kikatoka na watoto wakiruka kamba katikati ya mahema.

Kitabu chake cha mwisho ndicho kilichotutoa jasho. Ni hadithi ya familia inayokimbia kwao. Mchoraji wetu aliwaweka wote njiani: baba, mama, watoto, bibi mzaa mama, hata paka. Mkekani alikuwepo msichana aliyehamia mtaani mwaka jana, mpole kiasi kwamba hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake. Aliitazama picha ile, akauliza, "Sasa nani amebaki?" Tulikuwa tumeihamisha familia nzima kama watu wanaohamia nyumba ya pili, kwa kuwa tuliogopa kuwahuzunisha watoto.

Mama Kifutio akachukua kifutio, akamtoa bibi safarini. Akaagiza ukurasa mpya: bibi yuko mlangoni, magoti yake hayawezi mwendo, anamfunga mjukuu vifungo vya sweta.

Meneja alikataa, na hoja alikuwa nayo. Wazazi hununua vitabu vya kufurahisha. Kinachomwacha bibi nyuma kingedoda. Kitoke kilivyokuwa au kisitoke, na kisipotoka, chumba cha mkeka kingerudi kuwa stoo Mama Kifutio akishastaafu. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu ya kweli, maana watoto wale wangerudi dirishani. Tulimsihi Mama Kifutio akubali yaishe, funika kombe mwanaharamu apite. Akatujibu kwamba makombe aliyokwisha kuyafunika yanatosha kufungulia duka. Watoto hawa wanamjua aliyebaki, alisema, na kitabu kikijifanya hakimjui, hawatakiamini tena.

Hakupiga kelele. Haya, alipiga kidogo. Kisha akamwalika meneja aje akae chini na watoto, suti na yote. Akafungua michoro mipya, akaziba maneno, akanyamaza.

Msichana yule aliweka kidole juu ya bibi. Hakulia. Alimgeukia mdogo wake, aliyebebwa mgongoni walipotoka kwao na asiyekumbuka chochote, akaanza kumweleza kwamba bibi yao hukoroma mpaka kuku wanashtuka, na kwamba huwaficha sukari halafu mwenyewe akasahau alikoificha. Mdogo mtu akacheka, akadai aambiwe tena. Meneja alichelewa kikao chake siku hiyo. Alipoinuka, magoti yakimlia, aliomba bibi apewe kurasa mbili badala ya moja, na chumba kisiguswe.

Kitabu kilikwenda kiwandani Jumatatu. Mkeka unabaki, na mimi mpanga kurasa nimeahidi kujifunza kunyamaza, jambo ambalo wenzangu wanalisubiri kwa hamu.

Mama Kifutio, asante kwa ukali wako na kwa kila tulichokichora ukakifuta. Tutakukumbuka sana, na wengine tumeshaanza kulia. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, ukijua kwamba mtaa wa nyuma kuna mtoto ambaye mwezi uliopita hakuwa na bibi, na leo anaye.