Makopo Sita Yaliyokaribia Kufika Altareni

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeitikia vizuri, wanajumuiya. Naomba muitikie hivyo hivyo nikimaliza.

Kuna swali moja lililoninyima usingizi tangu Kwaresima mpaka Mei, mwezi wa Mama Maria. Swali lenyewe ni hili: askari wakija, watamchukua nani, mimi au mama mdogo? Nililigeuza kila upande. Nyumba ni yake. Balkoni ni yake. Hata makopo ni yake, yalibaki marehemu baba mdogo alipomaliza kupaka rangi. Changu mimi kilikuwa kile kilichoota ndani ya makopo. Na kilichoota, ndugu zangu, nitakisema mara moja na kwa haraka, kilikuwa bangi.

Haya, nimesema. Mama uliyesimama hapo, naomba ukae, bado hujasikia sehemu yako.

Mnakumbuka niliporudi na digrii yangu ya kilimo. Mlikuja nyumbani, mkaimba, na babu mmoja, simtaji ingawa yupo hapa na kofia yake, akasimama akasema, "Sasa tuna mtaalamu wetu wenyewe. Magonjwa ya kahawa yahamie wilaya nyingine." Mlicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza moyoni: kwa miaka yote ile ya chuo, mche nilioupanda kwa mkono wangu mwenyewe ukakua mpaka mwisho ni upi? Haukuwepo hata mmoja. Nilikuwa nimefaulu mitihani.

Wiki iliyofuata babu huyo akaja na majani ya kahawa amefunga kwenye leso. Akayageuza, chini kuna unga wa rangi ya chungwa. "Mtaalamu, hii ni nini?"

Nilijua ni kutu ya majani. Nawaambia kweli, nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini nikawaza: na kama siyo? Nikimwambia anyunyizie dawa, halafu shamba likaungua? Halafu watasema binti wa nani yule? Nikamwambia, "Niachie babu, nitayaangalia." Yakakaukia kwenye droo. Toka siku ile nikiona kofia yake nakata kona. Babu, ile Jumapili uliyoniona naingia sakristia mbio, sikuwa na kazi yoyote sakristia.

Ndivyo nilivyo. Neno moja nalipima mara saba. Kuna barua ya kazi niliisahihisha mpaka siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita, bado natafuta kama niandike "naomba" au "ninaomba". Usingizi ukaisha. Nikawa siendi sokoni mpaka nipange nitamsalimia nani kwanza.

Sasa, chuoni, wakati mmoja wa mitihani, mwenzangu alinivutisha, na usiku ule nililala kama mtoto. Nilivuta tena mara kadhaa baadaye, na mara hizo nilitetemeka tu. Lakini akili ya mwenye wasiwasi ni hodari wa kuchagua. Ikaukumbuka ule usingizi mmoja, ikasahau ile mitetemeko yote. Mbegu nilizipata wapi, hilo nimeshamwambia padre, linatosha.

Mvua zilipokolea nikajaza udongo makopo sita, nikayapanga balkoni nyuma ya kamba ya kuanikia nguo. Mama mdogo akapanda ngazi akayaona.

"Unapanda nini?"

"Maua, mama mdogo. Ya kisasa. Ya mapambo."

Akapiga makofi. "Afadhali! Mtaalamu ameanza kazi."

Basi yeye ndiye akawa mwangalizi mkuu. Kila akiosha mchele, maji yale anayapandisha juu mwenyewe, na mgongo wake ule mnaoujua. Na mimea ikakubali. Mwanzoni miwili ilinyauka nikakesha naitazama kama mgonjwa, nikahamisha makopo asubuhi upande huu, jioni upande ule, ukungu ukishuka kutoka milimani nayafunika. Ikaota. Ikapita ukingo wa balkoni. Nitakiri hata hili: nilijivuna. Kitu cha kwanza nilichokipanda maishani na kikakua kilikuwa kile ambacho sikuweza kumwonyesha mtu.

Kisha ikaanza kunuka. Nikafikiri sana, kama kawaida yangu, nikapata dawa: nitakaanga kahawa pale pale balkoni kila jioni, harufu ifunike harufu. Ndugu zangu, ninyi na mimi tunajua jambo moja kuhusu Mbinga. Tunalima kahawa, tunakunywa chai. Sikujua kwamba mtaa mzima ulikuwa na kiu ya kahawa. Siku ya tatu majirani wanne wamekaa sebuleni na vikombe. Siku ya sita mmoja kaja na mgeni wake kutoka Kigonsera. Nilichokiwasha ili kufukuza watu ndicho kilichowaita, na mama mdogo anafurahi, "Binti yangu siku hizi anapenda watu!" Mimi niko jikoni nachemsha birika jingine.

Mtauliza, angalau ulilala? Sikulala. Niliyachuma majani nikavuta mara nne, na kila mara moyo ulikimbia, nikasikia kila bodaboda inayopunguza mwendo ni askari. Nilipanda kitu cha kuniondolea hofu, nikaishia kuimwagilia hofu yenyewe asubuhi na jioni, tena kwa maji ya mchele.

Ikafika ile Jumamosi. Zamu yetu ya kusafisha na kupamba kanisa. Mlikuja kumpitia mama mdogo na mafagio yenu, yeye akasema, "Ngojeni. Mwaka huu Mama Maria atapata maua ambayo hakuna jumuiya nyingine inayo." Akawapandisha juu.

Mnaikumbuka. Mlisimama pale mkasema, lo, majani yake kama vidole. Mama wawili mkanyanyua kopo, mmoja huku mmoja huku. Ndiyo maana nilikwambia ukae, mama. Ulikuwa umekumbatia bangi, na rozari shingoni, na mimi nimekutazama tu. Niliona yote: altare, padre anageuka, harufu inamfikia. Na nyumba ya nani? Ya mama mdogo, mwenyekiti wenu.

Palikuwa na mama mmoja, mzaliwa wa Lipingo, anayetuuzia usipa wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Msigeuke kumtazama. Alikuja nyuma ya wote akihema kwa sababu ya ngazi. Akashika jani. Akanusa vidole. Akanitazama, siyo kwa ukali. Kisha akasema kwa sauti ya sokoni:

"Wekeni chini hilo kopo! Haya yana utitiri. Mkiyafikisha kanisani, maua ya masista yote kwisha." Akanigeukia. "Au siyo, mtaalamu?"

"Ni kweli, mama," nikasema. "Yana utitiri."

Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kwanza wa kilimo hapa Mbinga, na ulikuwa uongo. Mkachukua bogenvilia za jirani mkaenda.

Jioni yake mama wa usipa alirudi peke yake, na furushi la samaki kama kisingizio. Tukakaa ngazini. Nikamwamkia, akaitikia.

"Kaka yangu alipanda nyuma ya jiko la mama yetu," akasema. "Miche mitatu. Walipokuja hawakuuliza kapanda nani. Waliuliza, nyumba hii ya nani? Mama akasema, yangu."

Nikamuuliza ikawaje.

"Ikawa walimchukua na kanga aliyovaa, akafungwa. Aliporudi hakuwa anapika tena kwenye jiko lile." Akasimama akajipangusa. "Mimi sitamwambia mama yako mdogo. Siyo kazi yangu. Ila Jumatano jumuiya inasali hapa kwenu, na mimi siwezi kusali rozari chini ya hayo makopo. Nakupa mpaka Jumatano, mwanangu."

Kumbe swali langu la tangu Kwaresima lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa linauza samaki mita mia mbili kutoka nyumbani.

Jumapili nikaandika nitakayosema, kurasa mbili. Jumatatu nikazichana. Nikawaza kuyatia makopo kwenye magunia nikayatupe mbali, hata Tingi huko, kisha niseme yameibwa. Nikamfikiria mwenye bodaboda akiniuliza, "Dada, umebeba nini?" nikaacha. Jumanne asubuhi nilimkuta mama mdogo chini ya ngazi anachambua maharage. Sikuwa na karatasi.

"Mama mdogo, yale juu siyo maua."

"Ni nini?"

"Ni bangi."

Akachagua maharage matatu mabovu, akayatupa. "Haya haya ninayoyapelekea maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na masista niliowaahidi miche?"

Hilo sikulijua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu, "Kwa nini?" na hapo nikasema yote, bila mpangilio: silali, naogopa watu, naogopa simu, nimesoma lakini naogopa mtu akiniuliza kitu atagundua sina kitu. Akauweka ungo pembeni.

"Mimi nilidhani hutoki chumbani kwa sababu unatudharau," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu umebadilika."

Miezi yote ile, yeye chini ananiogopa, mimi juu namwogopa.

Tukapanda wote. Akang'oa mche wa kwanza yeye, pamoja na mizizi, akataka tuchome. Nikamwambia, "Mama mdogo, tukichoma, jumuiya yote leo italala hapa." Akanitazama, akacheka mpaka akashika ukingo. Tukakatakata, tukatia kwenye shimo la choo, tukamwaga majivu juu. Aliniambia baadaye, "Bangi niliyokuwa naijua ni ile kavu, imefungwa kwenye gazeti. Sikujua ikiwa hai inapendeza vile." Na Jumatano mlipokuja kusali, yule mama wa usipa aliangalia juu, akaona kamba ya nguo na anga, akakaa.

Sitawadanganya kwamba niliamka nimepona. Yeye mwenyewe ndiye alinisindikiza hospitali, akakaa nami benchi moja mpaka jina likaitwa. Nesi mmoja mpole akaniambia wasiwasi wa namna hii ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una matibabu, na hautibiwi na kitu unachokificha nyuma ya nguo. Bado naenda. Kuna usiku ninalala, kuna usiku ninahesabu mabati. Lakini ninaolala umeshakuwa mwingi kuliko ninaohesabu.

Na nilimfuata babu mwenye kofia. Nilimkuta shambani, nikamwamkia, nikamwambia, "Babu, yale majani nilijua ni nini toka siku ile. Niliogopa kukosea. Twende tuangalie pamoja, na nisipojua nitasema sijui." Akasema, "Mimi nimelima miaka arobaini, kila mwaka nakosea. Shika jembe." Tulipunguza matawi yaliyosongamana, tukaondoa yaliyoshambuliwa, nikamwelekeza dawa na wakati wake. Aliniuliza maswali kumi. Matatu nilisema sijui. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Namshukuru mama yule aliyesema uongo mmoja mbele ya watu ili mimi niseme ukweli mwenyewe. Nawashukuru nesi, babu, na majirani waliokunywa kahawa yangu bila kuuliza. Mama mdogo sina neno la kumtosha. Kwa vijana wenzangu mliokaa huko mlangoni, mnaodhani mko peke yenu: kinachokukosesha usingizi kimwambie mtu mmoja kikiwa bado mche. Kikipita ukingo wa balkoni, kitajisema chenyewe, na hakitachagua siku.

Makopo hatukuyatupa. Mama mdogo alikataa katakata, akasema aliahidi miche na atatoa miche. Tukapanda maua, safari hii mbele ya macho ya watu. Juzi nikang'oa machache nikawapelekea masista, nikiwa peke yangu. Sista akayapokea akatabasamu. "Ndiyo haya yale ya kisasa?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Nilisimama pale nikapima mara moja, mara mbili, na ya tatu sikuingoja.

"Hapana, Sista. Yale yalikuwa bangi. Kaa nikueleze."

Akakaa. Nilipomaliza hakunikemea, aliniuliza kama jumuiya inajua. Nikamwambia haijui. Jana jioni nikamuuliza mama mdogo kama naweza kuwaambia, maana aibu ni ya nyumba yake pia. Akasema, "Sema. Ila waambie na maji ya mchele yalikuwa yangu."

Nimewaambia. Keshokutwa ni zamu yetu tena ya kupamba kanisa, na makopo sita yako hapo nje mlangoni, nimeyashusha mwenyewe. Yanuseni kwanza, kisha tusaidiane kubeba.

Tumsifu Yesu Kristo.